Gari Limekataa Kwenda Nyumbani

"Tak," likasema gari, kisha kimya.

Inpeng alichomoa ufunguo, akaupuliza kama anapuliza chai ya moto, akaurudisha mahali pake na kuuzungusha tena. Tak. Akaubembeleza kidogo kwa maneno ya chini chini ambayo hata mkewe hakuwahi kuambiwa tangu aolewe. Tak.

Mkewe, Chanpheng, hakuinua hata uso. Alikuwa ameketi sakafuni kwenye baraza la hospitali ya wilaya, mgongo ukutani, na kichwa cha mama yake mzazi kimelala mapajani mwake. Miguu ilikuwa imekufa ganzi zamani. Uchovu wake ulikuwa umeshapita kiwango cha kutamani usingizi. Sasa alikuwa anatazama tu, kila kitu kikimjia kutoka mbali, hata mvua iliyokuwa ikinyesha mbele ya pua yake. Mizigo yao ilikuwa imepangwa pembeni: mkeka, chupa ya chai, kikapu cha wali wa kunata ulioanza kukauka, na mfuko wa dawa ambazo daktari alisema hazina kazi tena. Kitanda cha mama kilikuwa kimeshapata mtu mwingine. Hospitali ya wilaya haiachi kitanda kipoe.

Daktari alikuwa amesema asubuhi, kwa upole, mikono nyuma: mpelekeni nyumbani. Lakini mama mwenyewe, bibi Bouakham, ndiye aliyetangulia kusema, tangu jana yake. "Nipelekeni kabla," alisema, na hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Kwa watu wa kijiji cha Nasaeng, hilo "kabla" ndilo neno lenyewe. Anayefia nyumbani kwake hulazwa ndani ya nyumba yake, watu wakakesha naye, wakala, wakacheza karata pembeni yake asije akaona upweke, kisha akatolewa kwa heshima kupitia ngazi yake mwenyewe. Anayefia nje, iwe hospitalini au barabarani, haingii tena. Anazungushwa nyuma ya kijiji, anapelekwa moja kwa moja msituni kuchomwa, na inasemwa kwamba roho yake hubaki langoni ikipiga hodi kama mgeni. Na mkuu wa kijiji, Phouvieng, hana mchezo katika jambo hilo. Mwaka jana ndugu yake wa tumbo moja aliletwa maiti kutoka kwenye kazi za ujenzi, na Phouvieng alisimama langoni akilia machozi, akanyoosha mkono kuelekea msituni. Kama alimrudisha ndugu yake, atampitisha nani?

Kwa hiyo ilikuwa ni gari kuwaka, au mama kupigishwa hodi milele. Na gari lilikuwa linasema tak.

"Ni stata," Inpeng alitangaza akishuka, suruali imelowa hadi magotini. "Nilishasema. Tangu mwaka mpya nasema ni stata."

"Tangu mwaka mpya unasema," Chanpheng alijibu. "Kusema hujambo."

Inpeng hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni moja tu: alikuwa anajua kila kitu. Alilala kifudifudi kwenye tope, akajisukuma chini ya gari, na mara ikasikika ko! ko! ko! ya mti kugonga chuma.

"Unagonga na nini hicho?"

"Mchi."

"Mchi gani?"

"Wa... ule wa kinu."

Chanpheng alifumba macho. Mchi wake wa kutwangia saladi ya mapapai ulikuwa umepotea miezi sasa, na alikuwa amemnunia mke wa jirani kwa ajili yake, hata wakafika mahali hawasalimiani kisimani. "Inpeng," alisema, "nikipata nguvu, nitakuua." Lakini hakuwa nazo, kwa hiyo aliendelea kuketi.

Ukweli ni kwamba ule mchi ulikuwa unasaidia. Mara nyingine ukiligonga, gari lilikuwa linawaka, na Inpeng anavimba kichwa wiki nzima. Leo liligongwa mpaka walinzi wakaja kuchungulia, na jibu likawa lile lile.

Walijaribu kulisukuma. Ndugu za wagonjwa waliokuwa wakipika nyuma ya wodi waliacha vyungu vyao wakaja, maana kila mmoja pale ana mgonjwa wake na kesho inaweza kuwa zamu yake. Wakahesabu, wakasukuma, Inpeng akatia gia, na matairi yakaburuzika kwenye tope bila kuzunguka, kama mbuzi anayevutwa sokoni. Wakasukuma tena. Mtu mmoja alianguka kifudifudi akainuka anacheka, wengine wakacheka, na Chanpheng akawachukia wote kwa dakika ile, kisha akaona aibu kwa kuwachukia. Uwanja ulikuwa umekwisha. Mbele ni ukuta, na kulirudisha nyuma ni kupanda mlima. Wakajifuta mikono, wakarudi kwenye vyungu vyao. Gari la hospitali nalo lilikuwa limeondoka alfajiri na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na barabara ya mkoani kwa mvua hii, nesi alisema, "tuombe tu lirudi kesho."

"Mama?" Chanpheng aliinama. "Mama, unanisikia?"

Bouakham alifumbua jicho moja. Alikuwa amebaki mifupa na macho, lakini jicho lilikuwa lile lile. "Nasikia hilo gari," alisema. "Linakohoa kuliko mimi."

Ni nesi aliyekwenda kumwita fundi, ng'ambo ya barabara. Akaja mtu mfupi mwenye kitambi na kandambili, usingizi bado umemjaa machoni, jina lake Khamtanh, kabeba spana mbili, na koleo na kipande cha msasa kwenye mfuko wa shati. Hakumsalimia Inpeng. Alipanda kwanza barazani, akapiga magoti, akakutanisha viganja mbele ya mwanamke mzee aliyelala. Halafu ndipo akashuka.

"Ni stata, fundi," Inpeng alimpokea. "Nimeshaligundua. Inataka tu kufunguliwa..."

"Kaka, umeshaligundua?"

"Kabisa."

"Basi mimi niende nikalale."

Inpeng akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kumechelewa miaka.

"Ingia ndani," fundi alisema. "Washa taa kubwa. Usipige stata, washa taa tu."

Taa zikawaka, nyeupe, zikimulika matone ya mvua. Hata Chanpheng alishangaa. Alidhani gari halina kitu.

"Sasa zungusha ufunguo, nami natazama taa."

Tak. Na taa zote mbili zikazimika, pu, kama zimepulizwa. Inpeng alipoachia ufunguo zikarudi kuwaka kama kawaida, hazina habari.

"Umeona?" Khamtanh alisema, sasa usingizi umemtoka. "Stata ikiwa ndiyo mgonjwa, taa hazijali, zinaendelea kuwaka. Betri ikiwa inakufa, taa zinafifia polepole, polepole, kama mtu ana..." Akatupa jicho barazani, akameza neno. "Zinafifia. Lakini zikizimika ghafla namna hii na kurudi, basi nguvu ipo, njia ndiyo imezibwa. Kwa taa, upenyo mdogo unatosha. Stata inataka njia pana."

Sanduku la betri lilikuwa ubavuni, chini ya bodi la kupakilia mizigo, upande uleule wa baraza. Khamtanh alichuchumaa akaondoa kifuniko, akapangusa tope, akabandua kofia ya mpira iliyofunika kichwa kimoja cha betri. Akashika kibano cha waya akakitikisa. Kilicheza kidogo. "Aa," alisema kwa furaha, "tazama, hapa kuna..." Alibaki amechuchumaa, mkono hewani.

"Kuna nini?" Chanpheng aliuliza.

"Nani kafunga hii?"

Inpeng aliinama akatazama, na uso wake ukabadilika. Chanpheng alikiweka kichwa cha mama juu ya mkeka uliokunjwa, akajivuta mpaka ukingoni mwa baraza, akaona.

Ulikuwa uzi. Uzi wa pamba uliosokotwa kwa mkono, umezungushwa kwenye kichwa cha betri na kufungwa fundo, na kibano kimebanwa juu yake. Zamani ulikuwa mweupe. Sasa ulikuwa mweusi kwa grisi, umevimba kwa ule unga wa kijani unaoota kwenye betri. Lakini fundo Chanpheng alilijua. Angelijua hata gizani. Ni fundo ambalo lilikuwa kwenye mkono wake alipozaliwa, alipoolewa, alipougua, na kila mwaka mpya tangu apate akili.

Roho za mtu ni thelathini na mbili, na tabia yao ni kuzurura. Mtu akishtuka, akisafiri, akiugua, baadhi huchepuka, na lazima ziitwe kwa jina na kufungwa kwa uzi mkononi zisiondoke tena. Kijijini Nasaeng mwenye kazi hiyo alikuwa Bouakham. Hakukuwa na kifundo cha mkono ambacho hakuwahi kukifunga, kuanzia watoto wachanga mpaka mkuu wa kijiji mwenyewe. Na uzi wake haukatwi. Unaachwa uoze wenyewe, au unafunguliwa kwa vidole taratibu. Anayeukata kwa kisu amekata kilichofungwa.

"Inpeng," Chanpheng alisema polepole. "Wewe ulijua?"

"Sikujua kwamba... Nilijua upo." Inpeng alikuwa anajikuna kisogo. "Siku ya mwaka mpya. Betri nilikuwa nimeitoa kuichaji. Mama akanijia akaniuliza, 'Mwanangu, moyo wa gari uko wapi?' Mimi nikatania, nikamwambia moyo wake ndio huu hapa. Nikaenda kunywa na wenzangu. Narudi, nakuta kashaufunga. Sasa, jamani, mimi ningefanyaje? Nitoe uzi wa mama mkwe? Nikabana kibano juu yake, nikakaza nilivyoweza. Uzi tu. Nikasema uzi utafanya nini?"

"Ukaenda kugonga stata."

"Nikaenda kugonga stata," alikubali kwa sauti ndogo.

Fundi Khamtanh alikuwa ameshatoa koleo mfukoni bila kufikiri, kisha akaitazama na kuirudisha. "Kazi yenyewe ni ya kupiga chafya tu," alisema. "Uzi ukitoka, nasugua, nakaza, gari inawaka. Lakini mimi siukati. Mnisamehe. Aliyeufunga yuko pale, na hali yake ndiyo ile. Nikikata kilichofungwa na mkono ule, saa hii... Mimi pia nina mama."

Nesi, aliyekuja na mkasi wake wa bandeji kwa nia njema, aliufutika mfukoni kimyakimya na kutazama mvua.

Chanpheng alihisi hasira ikimpanda, hasira halisi, ya kutaka kuung'oa uzi ule kwa meno. Siku zote hizi za kukesha, kuosha, kugeuza, kubembeleza. Wali wa kukauka, sakafu ya saruji. Na sasa hapa, mwishoni kabisa, kitu kinachomzuia mama asifike nyumbani ni mama. Alitaka kucheka. Alitaka kulala pale pale kwenye tope na kusema basi, fanyeni mnavyotaka. Na chini ya hasira kulikuwa na woga, maana aliuamini ule uzi. Aliuamini kama wenzake wote waliosimama pale. Je, akiukata na mama akakata roho mbele ya macho yake, atamwambia nani ilikuwa bahati mbaya tu?

Alirudi akapiga magoti. "Mama. Ulilifungia gari uzi?"

Bouakham alichukua muda kurudi kutoka huko alikokuwa. "Nililifunga."

"Kwa nini, mama?"

"Lilikuwa linatoka sana." Akapumzika. "Mara sokoni, mara mpakani, mara limempeleka mtoto wako kule ng'ambo ya mto kufanya kazi, likarudi halina mtu. Nikaona nalo lina roho ya kuzurura. Nikalifunga. Nikaliambia, popote uendapo, urudi nyumbani."

"Limekataa kwenda nyumbani, mama. Uzi wako ndio umeliziba."

Mwanamke mzee alimtazama bintiye. Kifua chake kikaanza kutikisika, na Chanpheng akashtuka akadhani ndiyo mwisho, kumbe alikuwa anacheka. "Loo," alisema. "Basi nimejifunga mwenyewe."

"Tufanyeje?"

"Nipelekeni. Mtu hufungua alichofunga."

Wakambeba kwa mkeka, Inpeng kichwani, fundi miguuni, nesi kashika mwavuli. Alikuwa mwepesi kiasi cha kutia aibu. Wakamshusha juu ya benchi walilolisogeza kando ya sanduku la betri, na Khamtanh akalegeza nati na kukiinua kibano, fundo likabaki peke yake. Bouakham alinyoosha mkono. Vidole vyake vikalipapasa lile fundo, vikalitambua, vikajaribu. Vidole vilivyofunga mikono ya kijiji kizima. Vikajaribu tena. Kucha zikateleza kwenye grisi. Mvua iligonga mwavuli.

"Limekaza," alisema hatimaye, kama anayelalamikia kazi ya mtu mwingine. "Chanpheng, fungua wewe. Mimi nitashika mkono wako. Itahesabika."

Chanpheng alimimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Ule unga wa kijani ukatoa povu na kuyeyuka, na uzi ukalainika. Akaanza kufungua. Mkono wa mama ulikuwa juu ya wake, baridi, uzito wake kama jani. Fundo lilikuwa la mizunguko mitatu, naye alijua lilivyofungwa, kwa hiyo alilirudia kinyume, ukucha kwa ukucha, mpaka likaachia. Aliutoa uzi ukiwa mzima. Alipumua, na fundi naye akapumua, na nesi pia.

"Uoshe," Bouakham alisema. "Halafu nifunge mimi. Ulikuwa uzi wa kurudi nyumbani. Usiutupe."

Chanpheng aliusuuza kwa maji yote yaliyobaki, akamfunga mama yake kifundo cha mkono wa kushoto. Maneno aliyasikia maisha yake yote lakini hajawahi kuyasema yeye, na yalimtoka kwa kukwaruza: "Njoo, roho. Usikae msituni, usikae mtoni, usikae kwenye nyumba ya watu. Wali umeiva, mkeka umetandikwa. Njoo nyumbani."

Khamtanh alisugua kichwa cha betri kwa msasa mpaka kikang'aa, akarudisha kibano, akakaza kwa mwili mzima. "Haya."

Inpeng alizungusha ufunguo. Gari likanguruma mara moja, kwa sauti nene, likatoa moshi, na kule nyuma ya wodi watu wa vyungu wakapiga kelele za shangwe. Bouakham aliyefumba macho alisema, "Kumbe lina sauti nzuri."

"Usilizime," Chanpheng alimwambia mumewe wakati wanampakia mama kwenye bodi, chini ya turubai. "Hata ukiona nini, usilizime mpaka nyumbani."

Barabara ya Nasaeng hata kiangazi ni ya kusikitisha. Chanpheng aliketi nyuma, mama kifuani, vidole vyake viwili juu ya ule uzi. Chini ya uzi kulikuwa na mpigo. Alikuwa anaufuata kama mtu anayefuata taa ya mbali, na kila shimo la barabara lilipouficha alisubiri urudi, nao ulirudi. Kwa muda mama aliongea. Aliuliza kama mchi umepatikana. Aliuliza nani anamlisha bata wake. Halafu aliacha kuuliza.

Walipofika kwenye daraja la mbao gari liliruka, mbao zikapiga kelele, na upande wa pili Chanpheng alisubiri mpigo urudi. Alisubiri. Alibonyeza zaidi, akasogeza vidole, akaweka shavu lake kwenye midomo ya mama. Hakuna. Mkono ulikuwa umelegea mkononi mwake, na uso ulikuwa wa mtu aliyesikia jibu la kumtosha.

Hakulia. Akilia Inpeng atasimamisha gari, na gari likisimama, mama ataishia msituni. Kijiji kilikuwa pale tu, nyuma ya mashamba mawili. Alichofanya ni kile kinachofanywa na watu wake: maiti anayesafirishwa huambiwa njia, asije akapotea. Aliinama sikioni akaanza, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti ya kawaida, maana mvua ilikuwa kubwa.

"Mama, tumevuka daraja. Tufuate. Mama, tunapinda kushoto, hapa ni kwenye mashine ya kukoboa. Usishuke hapa. Mama, hili ni shamba letu, mpunga umesimama. Twende."

Kioo cha nyuma cha gari kilivunjika zamani, na Inpeng alikuwa anasikia kila neno. Na kila mtu anajua maneno hayo huambiwa nani. Chanpheng aliona shingo ya mumewe ikikakamaa. Alisubiri aulize, maana Inpeng hajawahi kuona kimya asikijaze. Hakuuliza. Alibadilisha gia, akakanyaga mafuta.

Langoni watu walikuwa wanasubiri chini ya miavuli. Habari hutangulia gari. Katikati ya njia alisimama Phouvieng, mkuu wa kijiji, mrefu, amekunja mikono ya shati kana kwamba ana kazi nzito mbele yake. Aliinua kiganja. Inpeng akasimama, injini ikiunguruma.

"Yupo?" Phouvieng aliuliza.

Chanpheng alifungua mdomo. Alikuwa amechoka mno kusema uongo na amechoka mno kusema kweli, na mdomo ulibaki wazi bila kutoa kitu.

"Zima gari, tuelewane," Phouvieng alisema.

"Nikizima haliwaki," Inpeng alijibu dirishani. Sauti yake haikuwa ya mzaha hata kidogo. "Mnalijua gari langu. Nikizima hapa, ni hapa hapa."

Walilijua. Hakuna mtu Nasaeng ambaye hajawahi kulisukuma. Kuna aliyeguna, "Kweli, hilo usizime," na mwingine akaitikia.

Phouvieng alizunguka nyuma, akainua turubai. Aliutazama uso wa Bouakham. Kisha akaushika mkono wake, akaweka vidole juu ya uzi uliobadilika rangi. Alikaa hivyo muda mrefu. Maji yalimtiririka kisogoni. Chanpheng aliona macho ya mkuu wa kijiji yakihama kutoka kwenye ule mkono hadi kwenye mkono wake mwenyewe, ambapo chini ya saa palikuwa na mabaki ya uzi wa mwaka mpya, fundo la mizunguko mitatu, halijaoza. Akaona pia alivyotazama upande wa msituni, alikopelekwa ndugu yake, na midomo yake ikicheza.

Akashusha turubai taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Yupo!" aliwapigia kelele watu. "Amechoka na safari, amelala. Pisheni! Mnazubaa nini mvuani?"

Wakapisha. Gari likapita langoni likiunguruma.

Wakampandisha ngazi yake, wakamlaza mahali pake, kichwa upande wake, na ndipo Chanpheng alipotoka mlangoni akasema mama ametutoka. Phouvieng alikuwa wa kwanza kuvua viatu na kuingia. Hakuna aliyeuliza saa ngapi.

Kabla jua halijazama, jiko lilikuwa limewaka uani, mke wa jirani aliyenuniwa ameshika mwiko bila kusema neno, na Chanpheng ameegemea nguzo na bakuli la mchuzi asilolinywa. Ikabidi gari lisogezwe, lilikuwa limeziba mahali pa kuwekea turubai la waombolezaji. Inpeng alipanda. Vijana wakajipanga nyuma yake wenyewe, mikono kwenye bodi, tayari kusukuma kama siku zote. Phouvieng alisimama pembeni na glasi yake.

Inpeng alizungusha ufunguo. Gari liliwaka papo hapo, kwa sauti nene ya afya njema, na vijana nusura waanguke mbele.

Phouvieng alilitazama gari, akamtazama Inpeng.

"Si ulisema ukilizima haliwaki?"

Inpeng, mtu aliyejua kila kitu, alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Lilikuwa haliwaki, mkuu," alisema. "Lilikuwa halijamfikisha."

Phouvieng alikunywa kilichobaki kwenye glasi. "Basi," alisema, "lisogeze, ulizime. Limefika."

Na Inpeng alipolizima, katika kile kimya, Chanpheng aliweka bakuli chini na kumlilia mama yake kwa sauti.